Ma'uni: Vitu Vidogo Tunavyonyimana



Kila sifa njema ni ya Allah Mtukufu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu zangu wa kiume na wa kike katika Uislamu, nikiandika katika jarida letu huwa naleta somo nililolisikia darasani au nililolisoma kwa mashekhe. Leo naleta kosa langu mwenyewe. Nalileta kwa sababu muhula unakaribia kwisha, wenzetu wa mwaka wa mwisho wanafungasha, na muda si mrefu mlango wa hosteli utapitiwa na wageni wapya wenye begi moja mkononi. Kosa nililolifanya mimi linaweza kufanywa na yeyote kati yetu bila hata kujua kwamba amefanya kosa.

Nilifika hapa Mbale nikitokea Bukoba, nikiwa na begi moja la nguo, msahafu wa marehemu babu na pesa ya mwezi mmoja. Chumba nilipata. Ndani kulikuwa na kitanda cha chuma kisicho na kitu juu yake. Anayeijua Mbale wakati wa mvua, ukungu unaposhuka kutoka mlima Wanale, anajua chuma kile kina baridi gani usiku. Siku ya pili, kaka mmoja Mkongo aliyekuwa anamaliza masomo aliniita chumbani kwake. Akanipa godoro, ndoo, sigiri na sufuria mbili. Nikamuuliza bei. Akacheka, akasema, "Mdogo wangu, hata mimi sikununua. Nilipewa na aliyekuwa mbele yangu. Wewe tumia, na siku ukiwa huna haja navyo, tafuta aliyefika na begi moja, umpe." Nikasema, "Inshallah."

Sigiri ilitoboka mwaka ule ule. Sufuria moja ninayo mpaka leo. Habari ninayotaka kuwaeleza ni ya godoro.

Mwaka wangu wa tatu nilihamia chumba chenye kitanda na godoro lake zuri, nene. Lile la zamani nikalikunja, nikalifunga kamba, nikalisukuma chini ya kitanda. Likakaa huko miezi saba. Siku moja Amiri wetu akaandika katika kundi letu la WhatsApp kwamba kuna ndugu wa mwaka wa kwanza anahitaji godoro, mwenye nalo amfuate faragha. Nilisoma ujumbe ule nikiwa nimekaa juu ya kitanda kile kile. Nikajiambia atajitokeza mwingine. Kundi lina watu wengi, nikasema, hawawezi kukosa. Wiki iliyofuata akanijia jirani, akaniuliza kama ninaliuza. Nikamuuzia kwa shilingi 40,000. Nilikuwa na haja ya pesa, sikatai, lakini sikuwa na njaa.

Katika siku hizo kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akibaki msikitini kila usiku. Baada ya Isha sisi tunatoka, yeye anabaki. Tukija Alfajiri tunamkuta. Tukaanza kusemezana juu yake kwa heshima, kwamba huyu ni mtu wa kisimamo cha usiku. Siku moja nilipewa nafasi ya mawaidha baada ya Isha, na mimi, Allah anisamehe, nikamtolea mfano mbele ya watu. Nikasema tuna kijana wa mwaka wa kwanza anatuaibisha sisi wakubwa kwa ibada. Yeye aliinamisha kichwa. Nikadhani ni unyenyekevu.

Mwezi wa nne kikaibwa kipaza sauti cha msikiti, na ikaamuliwa mlango ufungwe baada ya Isha. Usiku wa pili wa uamuzi ule, saa tano hivi, nilikuwa narudi kutoka kujisomea na wenzangu. Mvua inanyesha. Nikamwona mtu amejikunja kwenye baraza ya msikiti, amejifunika kanzu, viatu kaviweka chini ya kichwa. Nilipokaribia akaamka haraka.

"Samahani kaka, sikujua kama watafunga mlango."

"Huna chumba?"

"Chumba ninacho."

"Sasa mbona uko hapa?"

Akanyamaza kidogo. "Ninacho chumba, kaka. Ndani ni sakafu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia alisema. Alimweleza Amiri peke yake, na Amiri akatangaza bila kutaja jina. "Hakupatikana mtu," akasema, wala hakukuwa na lawama katika sauti yake. Nikamuuliza juu ya ile siku niliyomsifu. Akasema, "Nilitamani nikwambie uache. Lakini ningesema nini?"

Usiku ule alilala chumbani kwangu. Mimi sikulala.

Sura tunayoisoma kila siku

Ndugu zangu, wengi wetu tulifundishwa Suratul Ma'un chuoni tukiwa na miaka sita au saba. Ni sura ya 107, ni fupi, tunaisoma katika Maghribi na kuimaliza kabla akili haijafika. Lakini hebu tuitazame mpangilio wake. Inaanza kwa kumuuliza Mtume kama amemwona mtu anayeikadhibisha dini. Msikilizaji anatarajia kutajiwa mshirikina au mwabudu sanamu. Anatajiwa mtu anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulishwa maskini. Kisha sura inageuka ghafla, na onyo linawaelekea watu wanaoswali. Hawa ni wale wanaoghafilika na swala zao, wanaofanya ili waonekane, na mwisho kabisa, wanaonyima ma'uni.

Ma'uni ni nini? Imepokewa kutoka kwa Ali (r.a.) kwamba ni zaka. Lakini Abdullah bin Mas'ud (r.a.), katika mapokezi yaliyomo katika Sunan ya Abu Dawud, anaeleza kwamba wao wakati wa Mtume (s.a.w.) walikuwa wakihesabu ma'uni kuwa ni kuazimana ndoo ya kutekea maji na chungu cha kupikia. Wafasiri wakaongeza mfano wa shoka, sindano, chumvi, moto na kila kitu kidogo cha nyumbani ambacho jirani humwendea jirani yake. Na wengine wakaziunganisha kauli hizi mbili: zaka ni daraja ya juu ya ma'uni, na ndoo ni daraja yake ya chini, na aliyenyima cha chini atakitoaje cha juu?

Hapo ndipo sura iliponishika. Mimi nilikuwa mwenye kuswali. Nilikuwa mwenye kuonekana, nimesimama mbele ya watu nikizungumza habari za ibada. Na chini ya kitanda changu nilikuwa na ma'uni yaliyofungwa kamba. Sikuhitaji mfasiri anitafutie mfano.

Na yule kijana naye yumo katika Qur'ani. Katika Suratul Baqara, aya ya 273, Allah anawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Hawang'ang'anii watu. Hujulikana kwa alama zao. Aya ile inatutaka tuwe na macho ya kuziona alama. Sisi alama tuliiona kila usiku, mtu asiyeondoka msikitini, tukaifasiri vile tulivyopenda. Tukampa sifa, na sifa haitandikwi ikalaliwa.

Je, kuomba si aibu?

Najua swali lililoko vifuani. Tumefundishwa kwamba mkono wa juu ni bora kuliko mkono wa chini, na hadithi hiyo ni sahihi. Tumesikia kisa cha Hakim bin Hizam (r.a.), aliyemwomba Mtume (s.a.w.) akapewa, akaomba tena akapewa, kisha Mtume akamfundisha kwamba mali ni tamu na ya kuvutia, na anayeichukua kwa pupa hapati baraka ndani yake. Hakim akaapa kutopokea kitu kwa mtu yeyote, na akakaa hivyo mpaka zama za Abubakar na Umar (r.a.), wakimwita apewe haki yake naye anakataa. Pia Imam Muslim amepokea onyo kali kwa anayewaomba watu mali ili tu aongeze mali yake.

Haya yote ni kweli, na yanamkataza anayeomba ili alimbikize. Lakini tazameni tena Suratul Ma'un. Lawama imewekwa juu ya nani? Imewekwa juu ya aliyenyima. Aliyekwenda kuazima ndoo hakulaumiwa hata kidogo. Bali Mtume wetu mwenyewe (s.a.w.) aliazima. Siku watu wa Madina waliposhtuka kwa hofu ya adui, aliazima farasi wa Abu Talha, jina lake Mandub, akampanda kwenda kutazama. Wakati wa vita vya Hunayn aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu, na akamdhaminia kuzirudisha. Kama mbora wa viumbe aliazima, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeulizia sufuria ana aibu gani?

Na wapo watu waliolifanya jambo hili kuwa desturi ya kabila zima. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) anasimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba watu wake wa Ash'ari kutoka Yemeni, chakula kilipopungua safarini vitani au majumbani mwao Madina, walikuwa wakikusanya chote walichonacho katika nguo moja, kisha wakigawana kwa chombo kimoja sawasawa. Mtume (s.a.w.) akawahesabu kuwa ni wa kwake na yeye ni wa kwao. Angalieni kwamba hakukuwa na tajiri mmoja wa kuwalisha. Kila mmoja alikuwa na kidogo, na nguo moja ilitandikwa ili vidogo vikutane. Kundi letu la simu lingeweza kuwa ndiyo nguo ile. Siku ile mimi nilisimama pembeni ya nguo nimeficha mkono nyuma.

Milango minne tusiichanganye

Asubuhi nilimwendea shekhe wetu. Nikamweleza yote, nikamuuliza kama niliuza kitu changu au cha watu. Akaniuliza, "Alipokupa akakwambia ukimaliza umpe mwingine, wewe ulisemaje?" Nikajibu, "Nilisema Inshallah." Akasema, "Inshallah hiyo ilikuwa ahadi, au ilikuwa kikohozi?" Sikuwa na jibu. Akanifahamisha kwamba wanachuoni wana maneno marefu juu ya zawadi iliyofungamanishwa na sharti, lakini mtu hahitaji kufika huko ili ajue kwamba ahadi hutimizwa. Kisha akanipitisha katika milango hii, nami nawafikishia, kwa sababu vitu vya hosteli vinatugombanisha kila muhula.

Wa kwanza ni hiba, yaani zawadi. Ukimpa mtu kitu naye akakishika mkononi, kimekuwa mali yake. Usirudi muhula ujao kumdai pasi uliyompa. Mtume (s.a.w.) amemfananisha anayerudia zawadi yake na mbwa anayekula matapishi yake. Katika hilo amevuliwa mzazi kwa alichompa mwanawe.

Wa pili ni ariya, yaani kuazima. Hapa kitu kinabaki cha mwenyewe na lazima kirudi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa nayo, kitu ulichoazima kikiharibika nje ya matumizi uliyoruhusiwa unakilipa, hata kama hukukusudia. Wengine, kama Mahanafi, wanasema hulipi mpaka uwe umezembea au umevuka mpaka. Kwa vyovyote, maneno yawe wazi tangu mwanzo. Sema "nakupa" au sema "nakuazima mpaka tarehe fulani". Ugomvi mwingi wa vyumbani hutokana na neno "chukua tu", ambalo mtoaji amelikusudia hivi na mpokeaji amelielewa vile.

Wa tatu ni vitu vilivyoachwa. Aliyeondoka akatupa ndoo kwenye jalala, ameiacha, na anayeiokota hana dhambi. Lakini aliyeacha sanduku chini ya kitanda hajatupa kitu, na huenda amesahau au anategemea kurudi. Kitu kilichopotea chenye thamani sheria inataka kitangazwe mwaka mzima. Siku hizi mwenye kitu ana namba ya simu. Mpigie kabla hujalifanya birika lake la umeme kuwa lako.

Wa nne ni wakfu. Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar akashauriana na Mtume (s.a.w.), na ardhi ile ikawekwa isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, bali manufaa yake yaende kwa wenye haja. Tukitaka vitu vipokezwe kutoka kizazi kwa kizazi bila kufia chini ya kitanda cha mtu kama mimi, huu ndio mlango. Masufuria makubwa, magodoro, vitabu vya mwaka wa kwanza vinaweza kuandikwa kwa rangi neno WAKFU, vikaandikwa kwenye daftari, vikatolewa mwanzo wa mwaka na kurejeshwa mwisho wake. Si jambo geni kwetu. Msikiti wa kwetu Bukoba una masufuria ya pilau yenye alama ya rangi nyekundu. Yameshapika harusi na matanga ya watu wengi, na hakuna anayejua ni nani aliyeyanunua.

Adabu za kutoa

Kwanza, tutoe kinachofaa. Katika Suratul Baqara, aya ya 267, Allah ametukataza kuwatolea watu kile kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Godoro lenye kunguni si sadaka mpaka lipigwe jua na kusafishwa. Koili ya kupikia iliyochunika waya ni hatari ya moto. Ukitoa sigiri, mwambie mpokeaji asipikie ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, kwa maana hewa ya mkaa huua mtu usingizini. Kama kitu kina kasoro, itaje, kama ambavyo ungewajibika kuitaja ukikiuza.

Pili, tusidharau kidogo. Mtume (s.a.w.) amewausia wanawake wa Kiislamu wasidharau kumpa jirani hata kwato ya kondoo. Kwa hiyo usione haya kusema una kijiko, kamba ya kuanikia nguo, au nusu ya kopo la rangi. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Tatu, tufunike. Allah amesema katika Baqara, aya ya 271, kwamba sadaka ya wazi ni njema na ya siri ni bora zaidi, na katika aya ya 264 ametuonya tusizibatilishe sadaka kwa masimango na maudhi. Kumpiga picha mpokeaji akiwa ameshika ndoo na kuisambaza ni maudhi, hata tukiandika maneno mazuri chini yake. Mwenye haja amweleze mtu mmoja tu, kaka amwendee Amiri na dada amwendee Amira, na kundini litajwe hitaji bila jina. Amiri wetu alifanya hivyo, na alifanya vizuri. Kilichoharibika ni upande wetu wa kujibu.

Nne, tuulize kabla ya kutoa. Abu Dawud na wengine wamepokea kisa cha Mwansari aliyekuja kuomba, na Mtume (s.a.w.) akaanza kwa kumuuliza nyumbani kwake kuna nini. Akasema kuna tandiko na bakuli la maji. Vikaletwa, vikauzwa kwa dirhamu mbili, moja akanunulia chakula na ya pili shoka, akatumwa kukata kuni. Isnadi yake imezungumzwa na wanachuoni, lakini funzo lake linaafikiana na mengine mengi: msaidie mtu kwa kile kitakachomwinua. Huenda mwenzako hahitaji chakula cha leo, anahitaji jiko la kujipikia muhula mzima.

Tano, tusiwafungie jirani zetu wasio Waislamu. Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliulizia kwa kukariri kama jirani yao Myahudi amepelekewa, kwa sababu ya wasia mzito wa Mtume kuhusu jirani. Tunaishi korido moja na Wakristo, tunachota maji bomba moja. Ndoo haina kalima.

Na wewe mpokeaji una adabu zako. Chukua unachokihitaji, usichukue ili ukauze. Kitunze. Shukuru, ombea dua aliyekupa, na haja ikiisha, usikisukume chini ya kitanda.

Deni

Nilichukua zile shilingi 40,000, nikaongeza 25,000, nikanunua godoro sokoni na kulibeba kichwani mpaka chumbani kwa yule kijana. Akakataa. Akasema hataki watu wamchangie, mambo yake yatakaa sawa. Nikamwambia, "Hii si sadaka. Ni deni." Akauliza deni la nani. Ndipo nikamweleza habari ya kaka Mkongo, ya ahadi yangu, ya ujumbe wa Amiri niliousoma nikanyamaza, na ya bei niliyouzia. Niliona ni vigumu kuliko kubeba godoro lenyewe.

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Kumbe nililala msikitini kwa sababu yako." Akacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Akalipokea. Nimeandika haya kwa idhini yake. Aliyasoma kwanza, akaniomba nifute mambo mawili, nimeyafuta. Na ninaomba anayedhani anamjua asimuulize.

Ndugu zangu, usiku wa leo kabla hujalala, inama utazame chini ya kitanda chako. Kisha fungua simu utazame ujumbe ulioupita ukisema atajitokeza mwingine. Kila mmoja wetu akimsubiri mwingine, huyo mwingine hayupo. Na nyinyi mnaomaliza mwaka huu, msiuze kila kitu siku ya mwisho kwa bei ya kutupa wala msikiache kwenye mvua. Wiki moja kabla ya kuondoka, andikeni mlicho nacho, mkabidhi kwa Amiri au Amira, kipate kuandikwa. Mgeni wa Agosti hamtamwona, naye hatawajua. Hiyo ndiyo sadaka iliyo mbali zaidi na riya.

Mwisho nawakumbusha kitu kimoja. Katika kila msikiti wa kwetu kuna chombo kimekaa ukutani au stoo ambacho hakuna aliye nacho nyumbani kwake, tajiri wala maskini. Ni jeneza. Tutabebwa humo, tutashushwa, na jeneza litarudi msikitini kumngojea mwingine. Kitu cha mwisho utakachotumia juu ya ardhi hii kitakuwa cha kuazima, kilichowekwa na mtu usiyemjua, kwa ajili ya yeyote. Basi tusione uzito kuazimana ndoo.

Ewe Mola wetu, tusamehe tulivyonyima tukiwa navyo. Tupe macho ya kuzijua alama za wasioomba. Uikubali kazi ya wanaotoa bila kuonekana, umlipe kheri kila aliyetupokea tulipofika hatuna kitu, na uifanye mikono yetu iwe njia ya neema zako, isiwe mwisho wake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.